Baridi ya Batulbai

Mtwara nzima ilimcheka Batulbai kwa lile sweta lake, na mimi ndiye niliyekuwa naanzisha. Sweta zito la sufu, rangi ya zambarau, lina vifungo vitano. Alilivaa juu ya rida, vazi la wanawake wa Kibohora, mwezi wa tano, saa sita mchana, wakati sisi wengine tunagombania kivuli cha nguzo ya umeme. Wapagazi wa dukani wakimwona anashuka ngazi wanaulizana kama theluji imeshafika Mikindani. Mimi nami kwa huu mdomo wangu nawajibu kwamba Bibi anajiandaa kwenda Ulaya, asije akafika kule akaaibika. Tunacheka. Naye anacheka, ila kwa kuchelewa, kama mtu anayecheka jambo aliloambiwa jana.

Leo nikikikumbuka kicheko kile natamani nijizabe kibao. Mwanamke yule alikuwa anatueleza ugonjwa wake mchana kweupe, kila siku, na katika nyumba nzima alikuwepo mtu mmoja tu aliyekuwa na sababu ya kuelewa. Mtu huyo ni mimi.

Naitwa Mwanaidi. Kwetu Mahurunga, kule mashambani karibu na mto. Nilikuja mjini kufanya kazi kwa Batulbai miaka ishirini na nne iliyopita, mwanawe Hatim akiwa darasa la nne, mtoto mkaidi asiyekula mboga. Sasa Hatim ana duka lake la mabati na misumari, wao wanaishi ghorofani juu ya duka, na ndevu zote zile bado ananiita Da Mwanaidi. Nimepanga chumba Rahaleo. Kila siku alfajiri natoka, nafika kwao kabla jua halijachomoza, na mtu wa kwanza kumwona ni Bibi. Yeye ni Batulbai kwa watu wa mjini, kwangu ni Bibi.

Bibi alitolewa tezi ya shingoni zamani, Dar es Salaam, kabla mimi sijamjua. Ana kovu jembamba chini ya koo, utadhani uzi wa mkufu. Tangu siku hiyo anatakiwa ameze kidonge kimoja kila asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni, na daktari alimwambia ni cha maisha. Nilimpa mimi kidonge hicho zaidi ya miaka ishirini. Hakuna aliyenifundisha, hakuna aliyenikagua. Natia maji kwenye bilauri, naweka kidonge kwenye kiganja chake, anameza, tunaanza kusema watu.

Halafu akaja Sadaf, mke wa Hatim. Msichana wa Dar, amesoma, mwepesi, kila kitu anakijua na kama hakijui anakitafuta kwenye simu. Alipomaliza mwaka na nusu ndani ya nyumba akanunua kikasha cha plastiki chenye vyumba saba, chumba kimoja kwa kila siku ya juma. Akaniita, Bibi naye amekaa palepale, akanielekeza kwamba kila asubuhi nitoe kidonge cha siku hiyo, nihakikishe Mama amemeza, kisha Mama afungue mdomo na kuinua ulimi nitazame chini yake. Akaongeza kwamba wazee wana ujanja.

Jamani. Miaka ishirini na nne, halafu mtu ananifundisha kumtazama Bibi mdomoni kama ng'ombe wa mnadani. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikamtazama Bibi, nikaona naye imempanda. Sadaf alipotoka, Bibi akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa amekuwa mfungwa nyumbani kwake. Na mimi, badala ya kumtuliza, nikatia chumvi.

Ikafika Ramadhani. Miaka mingine alikimeza wakati wa daku. Mwaka huu akaniambia atakipumzisha, kidonge chenyewe kinamwendesha moyo mbio, mwezi mmoja hautamuua. Akasema Sadaf akiuliza nimwambie kameza. Nikasema haya. Sikusita hata kidogo, na hapo ndipo panaponiuma. Ningekuwa nilifanya kwa huruma, ningejitetea. Nilifanya kwa raha. Kila asubuhi Sadaf ananiuliza Mama amemeza, nasema amemeza. Umetazama? Nimetazama. Nikishageuka nacheka moyoni. Nilikuwa namkomoa.

Kutupa vidonge Bibi hakukubali. Kwao hata chembe ya wali haiachwi kwenye sinia, sembuse dawa. Akatafuta kopo tupu la maziwa ya unga, kila siku anadondosha kidonge kimoja ndani, anafunika, anaficha kabatini nyuma ya nguo zake. Kile kimlio cha kidonge kikigonga bati kilikuwa kinatuchekesha kama wasichana.

Idi ikapita. Nikamwambia Bibi, haya, mwezi umekwisha, turudi kwenye dawa. Akajibu kwamba kafunga siku zote bila kidonge na hajafa, na moyo umetulia. Nikasema lakini daktari alisema ni cha maisha. Akanikazia macho, akaniuliza, "Na wewe umeshakuwa Sadaf?"

Neno hilo lilinishika pabaya, maana kitu nilichokuwa sitaki kuwa duniani ni Sadaf.

Basi kopo likaendelea kujaa. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Bibi akaanza kuvimba uso, hasa chini ya macho. Sauti ikawa nzito, inakwaruza. Ngozi ikakauka, nampaka mafuta asubuhi, jioni imeshapauka tena. Choo kikawa cha shida. Kulala ndiyo usiseme, anasinzia na kijiko mkononi. Na baridi. Kila siku baridi, feni hataki, dirisha hataki, sweta halitoki mwilini. Nikajiambia ni uzee. Sadaf aliuliza mara mbili tatu mbona Mama amevimba, nikamjibu kwamba wazee huvimba. Nilishaanza kuogopa, nisiwadanganye. Lakini kila nikifikiria kusema, naiona sura ya Sadaf ikiniambia alijua. Nikaona afadhali nisubiri, labda Bibi atabadili mawazo mwenyewe.

Mwezi wa saba upepo wa kusi unatia ubaridi asubuhi, ubaridi wa kujifunika kanga tu, si wa kumuua mtu. Bibi alikuwa na kikohozi siku ya nne. Asubuhi hiyo nilifika, Sadaf ameshatoka kupeleka chakula kwenye shughuli ya jamaa zao, Hatim yuko chini anafungua duka. Nikaingia kwa Bibi na bilauri yangu ya maji. Nikamwita. Akafumbua macho nusu, akasema neno lisiloeleweka, akayafumba. Nikamshika mkono.

Alikuwa wa baridi, tena si baridi ya vidole. Nilipeleka mkono kwapani, baridi. Tumboni chini ya sweta, baridi, kama kushika mtungi wa maji. Na hatetemeki. Hilo lilinishangaza, kwa sababu mtu mwenye baridi hutetemeka. Yeye alitulia tu, anapumua polepole, pumzi moja, unangoja, pumzi nyingine.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Kwetu Mahurunga bibi yangu mzaa mama alikuwa mkandaji. Mwanamke akijifungua anakandwa kwa maji ya moto na majani, kitambaa kinachovywa, kinakamuliwa, anakandamizwa tumbo, mgongo, miguu, mpaka analia. Mimi mwenyewe nilikandwa nikalia. Mzee akikakamaa viungo, anakandwa. Aliyeanguka mnazi, anakandwa. Kwa hiyo nilipomkuta Bibi vile sikufikiria mara mbili. Damu imelala, nikasema, ngoja niiamshe. Nikachemsha maji na mchaichai, nikachukua taulo, nikamvua sweta nikalisukumia kabatini, nikamkanda. Miguu, mikono, kwa nguvu zangu zote, nikimsugua na kumwita. Maji yalikuwa yananichoma mimi mwenye mikono ya jikoni, lakini yeye hakusema kitu, nikadhani hayajatosha, nikaongeza ya moto.

Ghafla macho yakageukia juu. Mkono ukalegea. Nikautafuta mshipa wa kifundo cha mkono, sikuupata. Nikapiga kelele mpaka Hatim akapanda ngazi bila viatu.

Hospitali tulifika kwa bajaji, Bibi amelala mapajani mwangu, kanga yangu imelowa maji ya kukandia nayo imemfunika yeye. Mshipa ulikuwa umerudi, lakini mdogo, wa kutafutwa. Nesi akampima joto kwa kile kipimajoto cha zebaki. Zebaki haikusogea. Akakung'uta, akaweka tena, akangoja, haikusogea. Akasema kimekufa, akachukua kingine, nacho hivyohivyo. Mwishowe akaandika thelathini na sita kwenye karatasi. Simlaumu. Ni nani Mtwara anatafuta baridi ndani ya mgonjwa? Sisi hapa tunajua homa. Wakampima malaria, hakuna. Sukari iko chini, wakamtundikia dripu. Feni juu yake inazunguka, na kanga yangu mbichi bado iko mwilini.

Sadaf akafika anahema. Ndipo akaja daktari, mwanamke kijana, Daktari Irene. Aliisoma ile karatasi, akaweka kiganja tumboni kwa Bibi, akakiacha pale. Akamtuma nesi wodi ya watoto njiti, akalete kipimajoto cha kule, maana cha kule kinasoma mpaka chini kabisa. Kikasoma thelathini na moja. Nesi akatamka kwa mshangao, "Thelathini na moja, Mtwara?"

Daktari hakupaza sauti, lakini watu walikimbia. Feni ikazimwa, madirisha yakafungwa. Nguo mbichi zikatolewa, akafutwa kwa kugusagusa tu, akavikwa kavu, akafunikwa mablanketi mpaka kichwani, uso tu nje. Chupa ya dripu ikatiwa kwenye ndoo ya maji vuguvugu kabla ya kutundikwa, kwa sababu kummiminia mgonjwa huyu maji baridi ya stoo ni kumzidishia. Walipomgeuza, daktari akawataka wamgeuze kama wanabeba mayai. Akaeleza kwamba moyo uliopoa hautaki mshtuko, ukitikiswa unaweza kupoteza mapigo, na kwamba mgonjwa kama huyu hapashwi kwa nguvu. Hasuguliwi, hawekewi maji ya moto, maana ukiichoma ngozi, damu yote inakimbilia nje, presha inaanguka, na moyo unabaki mtupu.

Kisha akaifunua miguu. Ilikuwa imeiva, nyekundu, ngozi imeanza kujiinua. Akauliza nani amemkanda.

"Mimi," nikasema, na machozi yakanitoka.

Daktari akanieleza kwa upole kwamba nilitaka kusaidia. Hatim akanishika bega, akasema Da Mwanaidi hukujua. Hata Sadaf alinipa kitambaa chake. Mungu anisamehe, nilihisi nafuu. Nilikiri dogo, wakanisamehe, na lile kubwa likabaki tumboni.

Ikafika saa nne. Daktari akatuuliza sisi watatu. Alisema mtu hapoi hivi Mtwara bila sababu, lazima kuna kitu ndani kimeuzima mwili. Kikohozi kipo, atamtibu nimonia, lakini nimonia peke yake haimridhishi. Mama ana ugonjwa gani mwingine? Anatumia dawa gani? Sadaf akajibu haraka, anajua jina la dawa mpaka uzito wake. Akasema alitolewa tezi, anameza kila siku, hajakosa. Daktari akaligusa lile kovu la shingoni kwa kidole. "Una uhakika hajakosa?"

Sadaf akanigeukia mimi. Hatim akanigeukia mimi. "Da Mwanaidi ndiye anayempa," Hatim akasema, kwa fahari kabisa.

Nilikuwa nimefungua mdomo. Wallahi nilikuwa nimeufungua niseme. Lakini huruma yao ilikuwa bado mbichi juu yangu, kitambaa cha Sadaf kiko mkononi mwangu.

"Anameza," nikasema. "Namtazama mpaka chini ya ulimi."

Daktari akaandika.

Ningeweza kujidanganya kwamba sikujua kidonge cha shingo kinahusiana vipi na baridi. Dakika chache za mwanzo nilijidanganya hivyo. Lakini daktari alipomaliza kuandika akamwambia Sadaf kwamba ameuliza vile kwa sababu tezi ile ndiyo inayouamuru mwili utengeneze joto. Asiyekuwa nayo, akiacha dawa kwa miezi, anazimika polepole: anavimba, anasinzia, anasikia baridi, mwisho anapoa kama huyu. Lakini maadamu dawa anameza, akasema, itabidi tutafute pengine.

Tangu hapo nilijua. Asiniambie mtu sikujua.

Wakatafuta pengine. Walimtoa damu mara ya pili, wakampiga picha ya kifua, wakapima figo. Wakazungumza kuhusu kumpeleka Dar kwa ndege, daktari akasema akisafirishwa hivi atafia njiani. Mimi nimekaa kwenye benchi. Saa tano kipimajoto kikasoma thelathini na moja na nukta mbili. Saa sita, nukta mbili. Saa saba kikarudi thelathini na moja kamili. Mablanketi manne, chumba kimefungwa tunatoka jasho sote, na yeye wa baridi vilevile. Hatim akamuuliza daktari kwa nini hapandi. Daktari, jasho linamtiririka usoni, akajibu kwamba blanketi halina moto wake lenyewe, linatunza tu ule anaoutoa mtu. "Ni kama kufunika jiko ambalo halijawashwa. Sijui kwa nini halijawashwa."

Mimi nilijua. Mita mbili kutoka kwake, nilijua. Roho ilikuwa inanisukuma simama, na kitu kingine kinaniambia kaa, ukisema sasa watakuuliza mbona saa nne hukusema. Kila saa iliyopita ilikuwa inaongeza ugumu wa saa inayofuata. Nilianza kuomba Bibi aamke mwenyewe ili nisihitaji kusema. Fikirieni, nilimwomba Mungu amponye ili mimi nisiaibike.

Saa saba hivi Sadaf akaniomba nikachukue nguo kavu nyumbani, na lile sweta, maana Mama analipenda. Alisema "tafadhali". Nikaenda. Nikafungua kabati, nikatoa rida mbili, nikalitoa sweta, na nyuma yake kopo likaanguka. Kifuniko kikatoka. Vidonge vikatawanyika chumba kizima, chini ya kitanda, chini ya zulia, vyeupe, vidogo. Nikapiga magoti kuviokota. Mwanzoni nilikuwa naviokota ili nivifiche. Lazima niliseme na hilo. Nilifika mpaka kwenye sinki la kunawia na kopo mkononi.

Nikakumbuka jinsi alivyokuwa anadondosha kimoja kimoja, asitupe, kwa kuogopa dhambi ya kutupa dawa. Bibi alikuwa anaogopa kumwaga kidonge. Mimi nimesimama pale, naogopa uso wa Sadaf.

Nikavaa viatu.

Wodini nilikuta wako wote watatu kitandani kwake. Sikuzunguka. Nikaliweka kopo mikononi mwa Daktari Irene, nikamwambia ni vidonge vya tangu Ramadhani, hajameza hata kimoja, na mimi ndiye nimekuwa nikisema anameza. Ilikuwa saa nane kasoro dakika chache. Daktari hakunitazama hata. Alimwaga kopo kwenye sinia la chuma, nesi akahesabu haraka kwa ncha ya mkasi, mia moja thelathini na moja. Papo hapo akaagiza. Kwanza sindano nyingine, kwa sababu, alisema, mwili uliokaa muda mrefu hivyo ukipewa dawa ya tezi kwa ghafla unaweza kuzidiwa. Kisha dawa yenyewe, wakaisaga, wakaipitisha kwa mpira wa puani, huku wakimtazama moyo. Ya nimonia ikaendelea. Mablanketi yakabaki.

Hatim alitoka nje. Alipita karibu yangu bila kunigusa. Sadaf akabaki, ameshika chuma cha kitanda.

"Nilitaka kumleta hospitali mwezi uliopita," akaniambia. "Uso ule haukunipendeza. Hatim akasema, Da Mwanaidi hasemi uongo. Nikaona haya kwa kukushuku."

Hakupaza sauti. Ningempa kila nilicho nacho apaze sauti, anitukane, nipate na mimi pa kukasirikia. Nikamrudishia kitambaa chake, akakipokea.

Joto lilianza kupanda kesho yake mchana, kidogo kidogo, nukta kwa nukta, na daktari akasema hataki lipande haraka. Siku ya tatu Bibi akatetemeka. Nesi alifurahi utadhani kajifungua mwenyewe, akasema mtu akitetemeka ujue mwili umeanza kupigana. Siku ya tano akafumbua macho na kuuliza nani amemfunika magunia yote haya. Mimi nilikuwa mlangoni. Niliendelea kwenda kila siku, nasimama mlangoni, nikiulizwa nina shida gani nasema sina. Usingizi ulinipaa. Nikifumba macho nasikia kidonge kikigonga bati.

Aliporuhusiwa nilikwenda nyumbani kwao kuchukua vitu vyangu, kanga mbili na kandambili. Nilishaandaa maneno ya kuagia. Sadaf akanikuta jikoni, akaniwekea kile kikasha cha vyumba saba mezani. Akasema Mama hapokei dawa kwake, wala kwa Hatim, ameshajaribu siku mbili, anafunga mdomo kama mtoto. Na vidonda vya miguu vinataka kuoshwa kila siku. "Utampa wewe," akasema, akaondoka zake. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena kama Mama amemeza. Hata mara moja. Zamani swali hilo lilikuwa linanichefua, siku hizi nalingoja kila asubuhi na haliji.

Vidonda vyenyewe viko kwenye miundi, vimetengeneza ramani. Asubuhi moja, wiki ya pili, nilikuwa nimekaa chini navisafisha. Bibi alikuwa amerudi kuwa Bibi, sauti imekuwa laini, macho yamefunguka, sweta limetundikwa msumarini. Siku ile ya kupoa hakumbuki chochote. Alikuwa anaitazama mikono yangu. Sadaf alikuwa mlangoni na nguo alizozikunja.

"Hatim kaniambia wewe ndiye uliyewaambia kuhusu kopo," Bibi akasema. "Nikamwambia, mimi Mwanaidi namjua. Walipomuuliza tu, akasema. Si ndiyo?"

Pamba ilisimama mkononi mwangu. Nikainua macho, nikamwona Sadaf amenitazama, kisha akatazama nguo zake. Hakunisaidia na hakunizuia. Ningesema ndiyo, ingepita. Bibi alikuwa anataka niseme ndiyo, nilimwona.

"Hapana, Bibi," nikasema. "Waliniuliza saa nne. Nikawaambia unameza. Nilikuja kusema saa nane. Na hii miguu nimekuunguza mimi, si watu wa hospitali."

Akatazama juu. Feni ilikuwa inazunguka, kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani aliiomba mwenyewe.

"Saa zote hizo," akauliza, "mimi nilikuwaje?"

"Ulikuwa wa baridi, Bibi. Tulikufunika, na ukawa wa baridi vilevile."

Aliivuta miguu yake kidogo, nikadhani ananinyima. Kumbe anajiweka sawa. Akanyoosha kiganja. Nikafungua chumba cha siku ile, nikamwekea kidonge, nikampa bilauri. Akameza. Halafu, bila mtu kumwambia, akafungua mdomo wazi, akainua ulimi, akangoja hivyohivyo akiwa amenikazia macho.

Nikatazama.